Ndoo ya Meneja

Kama kuna kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiomba maishani mwake, ni mbwa. Cherehani ya umeme aliiomba, akaipata baada ya kusubiri mpaka akachoka. Mume aondoke salama aliomba, naye akaondoka salama, na hatutamtaja tena. Lakini mbwa hakumwomba, hata kwa kuteleza ulimi. Mbwa alimjia mlangoni amefungwa kamba, na upande wa pili wa kamba ile alikuwapo baba yake mzazi, ameshika mfuko wa nguo.

Baba alikuwa fundi saa. Tangu ujana wake alikaa nyuma ya kioo cha kibanda chake, lenzi imebana jichoni, akifungua saa za watu na kutoa humo skrubu ambazo mtu mwingine angedhani ni vumbi. Macho yake ndiyo yalikuwa jina lake. Watu walisema mzee yule anaujua ugonjwa wa saa yako kabla hujaivua mkononi. Lakini mkewe alipofariki, alifunga kibanda bila kumuaga mtu, akajifungia nyumbani na mbwa wake. Halafu siku moja aliacha jiko linawaka, pazia likashika moto, majirani wakaimwagia nyumba nzima maji. Fundi alipofika na kuona ukuta umekuwa mweusi mpaka darini, hakutaka maelezo. Alimwambia baba yake afungashe.

"Nitakuja," Baba alisema. "Lakini ninapokaa mimi, anakaa Meneja. Siku akitoka yeye, na mimi natoka, narudi kwangu."

Na Baba akisema, amesema. Huyu ni mtu aliyewahi kukaa mwaka mzima bila kumsalimia muuza magazeti kwa sababu walibishana ni saa ngapi. Kwa hiyo Fundi alijua vizuri hesabu ilivyokaa: mbwa akifukuzwa, mzee anarudi kwenye nyumba yenye ukuta mweusi, peke yake, na jiko lake. Alikubali shingo upande. Akafungua mlango, mbwa akatangulia kuingia.

Meneja aliitwa Meneja kwa sababu anasimamia kila kitu na hafanyi chochote. Alikuwa mkubwa, mzee, wa rangi ya udongo, mwenye tabia ya kukaa mlangoni akiwatazama wateja wa Fundi wakipimwa viuno. Mwizi hakuwahi kumbwekea. Alibwekea ndoo, mwavuli, na shati lililoanikwa. Chakula alikula kama watu wawili, na anayekula kama watu wawili hutoa cha watu wawili. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana ua wenyewe ukitandaza mashuka ya nyumba ile umeumaliza. Humohumo kuna kamba ya kufulia, tangi la maji, gunia la makaa, na njia ya kwenda chooni. Na juu kabisa, ukiinua kichwa, kuna dirisha la jikoni la Mama Mwenye Nyumba, aliyekaa ghorofani na kuwapangisha wao chini.

"Kuokota nitaokota mimi," Baba alitangaza siku ya kwanza. "Mbwa ni wangu na mizigo yake ni yangu." Alitafuta beleshi dogo lililokatika mpini, na kila asubuhi alitoka nalo, kamba ya Meneja mkono mmoja, beleshi mkono wa pili. Fundi akiwa kwenye cherehani alimsikia akigonga chini, tok, tok, tok. Kelele ile ilimuudhi kuliko alivyoweza kueleza. Kwani kuokota kinyesi kunahitaji ngoma?

Swali lilikuwa, kikishaokotwa kinakwenda wapi. Kwanza walizika. Fundi alichimba mwenyewe mpaka mgongo ukamuuma, akafukia, akakanyaga. Meneja akaja akafukua taratibu, kwa uso wa mtu anayekagua kazi ya fundi mbovu. Halafu ikanyesha mvua moja tu, ikavileta juu hata vile ambavyo Meneja alikuwa hajavifikia.

Wakachoma. Moshi ulipanda bila kuyumba, ukaingia kwenye mashuka meupe ya Mama Mwenye Nyumba.

Wakamwaga chooni. Choo kikaziba, na fundi bomba aliyekuja alichomoa humo mchanga na nywele za mbwa, akavitazama, akamtazama Fundi, asiseme kitu. Alipoondoka Fundi alitamani bora angesema.

Wakafunga kwenye mifuko na kuiweka nje pamoja na taka. Mzoa taka aliubonyeza mfuko mmoja, akaurudisha mlangoni kwa heshima. "Mama," akasema, "hii siyo taka. Huu ni uadui."

Basi siku moja Mama Mwenye Nyumba akashuka. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, asiyeinua sauti, na kutoinua sauti huko ndiko kulikoogopesha.

"Fundi," akaanza, "mimi si mtu wa ugomvi."

Mtu akianza hivyo, jua ugomvi umeshakaa kwenye kiti. Fundi akazima cherehani.

"Harufu ningeivumilia," Mama Mwenye Nyumba aliendelea. "Nimelea watoto, harufu naijua. Nisichoweza ni dharau. Nasimama dirishani nakata vitunguu, namwona mzee wako anapita na beleshi lake. Mzigo uko pale chini ya ukuta, mkubwa, hata mimi wa juu nauona. Yeye anapita. Anainua uso, ananitazama, halafu anapita. Kila siku. Ni kama ananiambia, na wewe nusa."

"Baba hawezi kufanya hivyo, Mama."

"Mimi nimeshaona kwa macho yangu. Mwezi huu ukiisha na ua unanuka, mbwa aondoke. Wewe na mzee bakini, sina neno na nyinyi."

Sina neno na nyinyi! Kana kwamba inawezekana. Fundi aliwaza kumweleza habari za pazia na jiko, akaona aibu. Alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, kisha akageuka kumtafuta baba yake, na wakati huo damu ilikuwa imeshampanda kichwani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tangi, Meneja kamlalia miguuni.

"Baba, kwa nini unaacha mizigo?"

"Siachi kitu. Naokota kila kilichopo."

"Na ule chini ya ukuta?"

"Ule ni wa leo."

"Wa leo! Umeota ukungu, Baba!"

"Basi Meneja anaumwa," Baba akasema, akamkuna mbwa shingoni bila haraka. "Nitampunguzia chakula."

Fundi alirudi ndani akiuma meno. Ndivyo Baba alivyokuwa siku hizi, hashikiki. Ile saa ya ukutani kwenye chumba cha kushonea ilikuwa imesimama tangu hata kabla hajahamia, na kila Fundi alipomwomba aiangalie, jibu lilikuwa kesho. Fundi saa, ndani ya nyumba yenye saa mbovu, na kesho haifiki. Zamani, Fundi akiwa msichana anajifunza kushona, baba yake ndiye aliyemtungia sindano, tena akiongea na mtu mwingine. Juzi alimpa sindano na uzi, mzee akahangaika kidogo, akavirudisha vyote. "Uzi wenu wa siku hizi mbovu," akasema. Hata mtaani watu walilalamika kwamba mzee ana maringo, unampungia mkono anakupita kama mlingoti. Kiburi cha uzeeni, Fundi alijiambia. Amechukia kuhamishwa kwake, sasa ananilipizia polepole.

Njia ya kutokea aliionyesha muuguzi mmoja, mteja wake, aliyekuja kupunguziwa sare. Alisimama mikono imeinuliwa, pini kila upande, Meneja akimtazama, na akaisikia ile harufu. Mtu hawezi kuifichia hospitali harufu.

"Kiozesheni," akasema. "Kama mbolea."

"Dada, hicho kimeshaoza tangu kilipotoka."

"Hapana, hapo kinanuka tu. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, ikate tako lote, toboa matundu ubavuni, uizike mpaka shingoni, mfuniko ubaki juu. Mzigo ukiingia, juu yake weka unga wa mbao wa kutosha. Nyunyiza maji kidogo, koroga mara mojamoja, funika. Baada ya muda unapata udongo mweusi, hauna hata harufu. Ila uuweke kwenye maua tu. Kwenye mboga, hapana. Na mnawe mikono kwa sabuni, siyo kwa maji ya kupitishia."

Fundi hakusubiri kesho, maana kesho anazijua. Jioni ileile alikwenda kwa seremala wa mtaa wa nyuma, akarudi na gunia la unga wa mbao kichwani, pua na kope zimejaa vumbi. Ndoo aliitoa ndani, ile aliyokuwa akihifadhia vipande vya vitambaa, akaikata tako kwa kisu cha moto. Alichimba kwenye kona karibu na tangi, akaisimika, akafunika. Ilipokaa vizuri alisimama akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Meneja aje, moyo wake ulitulia.

"Ndoo hii ndiyo itakayotuweka hapa, Baba," alisema. "Kila asubuhi nitakuwa naokota mimi."

"Utashona saa ngapi? Kazi hii ni yangu," Baba akasema.

"Baba, safari hii si mchezo."

"Nimesema ni yangu." Aliinama, akapapasa mdomo wa ndoo kote kwa kidole, kama anayepima, akaridhika. Fundi akamwachia. Alikuwa na sare za shule zimelundikana mpaka dirishani, na kwa kweli hakuwa na hamu ya kugombania kinyesi.

Mwanzoni mambo yalionekana kwenda. Asubuhi alisikia tok, tok, tok, halafu mfuniko ukifunguliwa, halafu unga wa mbao ukimiminwa, halafu mfuniko ukifungwa. Alikuwa akitabasamu peke yake juu ya cherehani. Lakini harufu haikuondoka. Ilikuja na upepo, ikaondoka, ikarudi ikiwa nzito zaidi. Fundi aliongeza unga wa mbao. Akaongeza maji. Akampigia muuguzi simu, muuguzi akamwambia avute subira. Subira! Mwezi unakatika.

Na juu ya yote, vitu vilianza kupotea. Rola ya uzi wa kahawia ilidondoka mezani, ikaviringika nje, alipoifuata hakuikuta. Soksi ya kahawia ilianguka kutoka kwenye kamba ya kufulia, ikapotea mchana kweupe. Viazi vilipukutika kwenye kapu, akaokota vyote isipokuwa viwili, na hivyo viwili havikuonekana tena. Lawama zote alibeba Meneja. Fundi alimpigia kelele, akamfukuza chumba cha kushonea, akamwita mwizi mbele ya wateja. Meneja alipokea maneno yote hayo bila kujitetea, akaenda kulala kivulini.

"Humtendei haki," Baba alisema.

"Haki! Huyu anakula soksi!"

Mwezi ulipoisha, Mama Mwenye Nyumba akashuka kama alivyoahidi, kitambaa puani. Fundi alikuwa amefagia ua kuanzia alfajiri, upande wa mbele angalau, maana upande wa ukuta ulikuwa wa Baba na Baba alikuwa ameshamaliza. Alikuwa amejiandaa. Ataifungua ndoo, atachota udongo mweusi, ataunyanyua mpaka kwenye pua ya mwenye nyumba. Harufu yoyote iliyobaki atasema ni ya mtaro wa barabarani. Baba alisimama kando ya ndoo, amenyooka, beleshi ubavuni, kama askari wa zamani aliyeitwa kukaguliwa.

"Karibu, Mama, ujionee mwenyewe," Fundi alisema, akavuta mfuniko.

Juu kulikuwa na unga wa mbao, msafi, mkavu. Akaingiza kijiti, akakoroga, akanyanyua. Kikaja kipande cha makaa. Akakoroga tena. Kikaja kipande kingine cha makaa, halafu kokwa la parachichi, halafu kiazi kimeota vichipukizi virefu vyeupe. Akazidi kuchimbua. Gome la mti. Jiwe. Soksi yake ya kahawia, imekunjamana. Rola yake ya uzi. Huku na kule, mara chache sana, kilikuwapo kile kilichostahili kuwamo.

Mama Mwenye Nyumba aliondoa kitambaa puani ili aone vizuri. "Fundi," akasema, "hii ni mbolea au duka?"

Kisha akanyoosha kidole chini ya ukuta. Pale, nyuma ya gunia la makaa, mizigo ya Meneja ilikuwa imejipanga, mipya na ya zamani, rangi ileile ya udongo. Hakuna aliyeigusa.

Fundi alipasuka. Hakukumbuka tena kwamba kuna mgeni. "Baba! Nimekukosea nini mimi? Nimekata ndoo yangu, nimebeba gunia kichwani kama punda, nimenusa haya yote kwa ajili yako, ili ukae na huyo mbwa wako, na wewe unaniwekea mawe? Soksi, Baba? Unanichezea?"

Baba aliinama polepole, akanyoosha mkono kwenye kile kirundo alichokitoa Fundi, na mkono wake ukakuta rola ya uzi. Akaichukua. Vidole vikaizungusha, vikapita ukingoni, dole gumba likatafuta ncha ya uzi, likaipata na kuibana. Vilikuwa vidole vilevile vya kibandani, havikosei. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea ukutani. Muda wote ule hakutazama chini hata mara moja.

Na hapo ndipo Fundi alipoona. Kila kitu kilimjia kwa pamoja, ile saa ya ukutani, ule uzi mbovu, wale waliompungia mkono wasijibiwe, ile tok, tok, tok ya kila asubuhi. Mpaka pazia na jiko. Alijionea aibu, tena aibu ya moto, na wakati huohuo alimkasirikia mzee yule kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Baba alikuwa ameshajua kitu alichoshika. Alinyanyuka, akakohoa kidogo.

"Nilifanya makusudi," akasema.

Mama Mwenye Nyumba akamgeukia Fundi. "Unasikia? Si nilikwambia?"

"Makusudi kabisa," Baba aliongeza, na sauti haikutikisika. "Nilichoka na hii ndoo. Nilitaka mwone ilivyo upuuzi."

Fundi alimtazama. Mzee yuko tayari kupoteza mbwa, kupoteza na pa kukaa, arudi kwenye jiko lake, alimradi pasiwe na mtu atakayesema kwamba macho ya fundi saa yamekwisha. Afadhali aitwe mtu mbaya. Na kusema ukweli mbele ya mgeni kungekuwa kumvua nguo. Fundi akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, anasema hivyo kunikinga," akasema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyeviweka. Niliambiwa kila kilichotoka ardhini kinaoza, nikajazia ili ndoo ifanye kazi haraka."

"Na soksi imetoka ardhini?"

"Pamba inatoka ardhini, Mama."

Mama Mwenye Nyumba hakucheka. Alimtazama Fundi, halafu akamtazama Baba, kwa muda mrefu. Baba alikuwa bado ameshika ile rola, ameukazia macho ukuta, palepale chini ya dirisha lake la jikoni. Mama Mwenye Nyumba alisogea hatua moja kando. Uso wa Baba haukumfuata. Alisogea hatua nyingine, na bado mzee aliendelea kuutazama ukuta kwa heshima zote.

"Kumbe," Mama Mwenye Nyumba akasema chini kwa chini. Alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Fundi, hiyo ndoo ongeza unga wa mbao, na utie kinachotakiwa kutiwa. Nitakuja kuangalia mwisho wa mwezi ujao." Alipoanza kuondoka aligeuka. "Mzee, mfuniko uko karibu na mguu wako wa kushoto. Usije ukaukanyaga."

Akapanda ngazi zake. Baba alibaki amesimama, na Fundi aliona masikio ya mzee yamekuwa mekundu.

"Nani kakutuma useme uongo kwa ajili yangu?" Baba aliuliza, hatua za juu ziliponyamaza.

"Na wewe nani kakutuma? Tangu lini, Baba?"

"Tangu lini nini?"

"Baba!"

Mzee alikaa kwenye kigoda chake. Alikipata bila kupapasa, maana hicho hakikuwahi kuhamishwa. "Tangu mama yako alipoumwa," akasema. "Nilidhani ni machozi."

Fundi akakaa chini kwenye udongo, sketi na yote.

"Na hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Nakujua mimi. Utaninyang'anya beleshi. Baada ya beleshi utaninyang'anya kamba ya mbwa, utasema nitagongwa. Baada ya kamba utanikalisha kwenye kiti, na mtakuwa mnanisogeza mkitaka kufagia."

"Ungeungua na nyumba!"

"Sikuungua."

"Hakuungua, anasema! Kwa kuwa hakuungua, basi yameisha!" Fundi alikuwa analia kwa hasira, na machozi yaliyochanganyika na unga wa mbao yaliwasha. "Macho ya wazee mengine yanatibika, hata yule muuguzi atakuambia. Jumatatu tunakwenda hospitali."

"Siendi."

"Utakwenda."

"Nimesema siendi."

Na Baba akisema, amesema. Fundi alirudi kwenye cherehani, akashona mguu mmoja wa suruali nje ndani, akavunja sindano, akaifumua suruali yote. Saa ya ukutani ilikuwa palepale ilipokuwa. Aliitazama, akainuka, akaishusha, akaiweka kabatini chini ya vitambaa ili asiione tena. Jioni alimwandalia Meneja chakula mwenyewe, na alipoweka bakuli chini alimwomba radhi kwa habari ya soksi, kwa sauti ndogo, asisikiwe na mtu.

Asubuhi alivaa glavu za mpira akatoka uani. Baba alikuwa ameshafika, beleshi mkononi, Meneja pembeni. Hakuna aliyesalimia. Fundi alifungua mfuniko wa ndoo, ambayo alikuwa ameisafisha mpaka chini, akasogeza gunia la unga wa mbao. Mikono ilimwasha kumpokonya mzee lile beleshi na kumaliza kazi mara moja, maana sare zilikuwa zinamsubiri na mizigo yote aliiona mahali ilipo. Aliikunja mikono kifuani.

Baba alianza. Tok, tok, tok. Beleshi likagonga jiwe, akalichota jiwe.

"Hilo jiwe, Baba."

"Najua ni jiwe. Naliondoa njiani."

"Mzigo uko kushoto."

"Naona."

"Huoni."

"Naona, nimesema!"

Akachota tena. Safari hii alipata udongo mtupu, akaubeba mpaka kwenye ndoo kwa uangalifu mkubwa, akaumimina, akaufunika kwa unga wa mbao. Fundi alifumba macho. Juu, dirisha la jikoni lilifunguliwa kidogo, kisha likafungwa taratibu. Meneja aliwatazama wote wawili, akapiga mwayo, akakaa.

Baba alirudi palepale. Aliinua beleshi, akaliacha likining'inia.

"Kushoto, Baba," Fundi alirudia. Sauti ilitoka kali, hakuweza kuizuia.

Mzee hakusogea. Aligeuza uso wake upande iliko sauti, akaukosea kidogo, akakaza mkono kwenye beleshi.

"Kushoto wapi?" akauliza.